Jicho jekundu la mkulima si la kubahatisha dawa

PALIZI ya mahindi inapopamba moto Kitale, au miwa inapokatwa Bungoma, jani moja kali latosha kumkwaruza mkulima jichoni. Baada ya siku kadhaa jicho hilo huwa jekundu, huuma, hutoa machozi na haliwezi kustahimili mwanga. Wengi huliona kuwa ni yale macho mekundu yanayoenezwa na virusi, ambayo aghalabu hupona yenyewe. Kosa hilo huwagharimu baadhi yao uwezo wa kuona.

Mkwaruzo huweza kuingiza kuvu katika konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Konea huvimba na kufanya kidonda, mara nyingi chenye doa jeupe. Kwa kuwa kuvu huota polepole, mgonjwa hungoja. Wengine hutia maji ya majani. Wengine huenda dukani wakanunua matone ya steroidi, na hayo ndiyo ya kuogopwa zaidi: wekundu hupungua, maumivu hutulia, kumbe kinga ya jicho imedhoofishwa na kuvu inazidi kutafuna. Matone ya antibiotiki, kwa upande wake, huua bakteria tu.

Dawa inayofaa zaidi ni natamaisini, iliyoingizwa mwaka 2017 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Utafiti uliofanywa nchini Nepal na kuchapishwa mwaka 2022 uliilinganisha na kloheksidini, ambayo ni rahisi kupatikana, na natamaisini ikaonekana kuwa bora.

Hata hivyo, dawa haimfai asiyefika hospitalini. Kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, ilijaribu njia nyingine: wahudumu wa kujitolea vijijini walitumia programu ya simu iitwayo Peek kumhoji na kumpima mwenye tatizo la macho, kisha akakumbushwa kwa ujumbe mfupi kwenda kliniki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa watu 1,429 kati ya kila 10,000 walifika, ikilinganishwa na 522 mahali ambapo utaratibu wa kawaida ulifuatwa.

Huko hospitalini, mtaalamu hukwangua chembe za kidonda na kuzitazama kwa hadubini kabla ya kuchagua dawa. Matone hutiwa kila saa mwanzoni, na tiba huendelea kwa majuma kadhaa.