Tusinunue sauti tusiyoisikia

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeukumbuka usemi huu kwa ajili ya kijisanduku kimoja kinachosifiwa sana siku hizi na wapendao kusikiliza muziki na masomo kwenye tarakilishi. Kijisanduku hicho ni kigeuzi cha sauti cha nje. Wanaokivumisha hudai kwamba asiyekuwa nacho hajapata kusikia sauti halisi.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yake. Kilichohifadhiwa ndani ya tarakilishi si sauti, bali ni tarakimu. Sharti tarakimu hizo zigeuzwe kuwa mkondo wa umeme ndipo spika au hedifoni ziweze kuitetemesha hewa, nasi tukasikia. Kila tarakilishi yenye tundu la hedifoni tayari ina kigeuzi ndani yake. Hedifoni zisizotumia waya nazo zina kigeuzi chazo. Kwa hivyo, swali si kama twahitaji kigeuzi, bali ni kama twahitaji cha pili.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliovutwa na sifa hizo. Idara yetu ya Kiswahili ilikuwa imetengewa shilingi 20,000 za kununulia vifaa vya kufundishia fasihi simulizi, nami nikasimama mkutanoni kutetea kigeuzi. Nilikuwa nimeazimwa kimoja, na kwa hakika nilipokichomeka, taarabu ilinijia nzito na angavu zaidi. Mwenzangu afundishaye fizikia alicheka, akaniomba tufanye jaribio. Kwanza aligundua kwamba kijisanduku kile kilikuwa kikitoa sauti ya juu kidogo kuliko tarakilishi, na sikio la binadamu huidhania sauti ya juu kuwa ndiyo bora. Akazisawazisha. Kisha akaniketisha nimeipa mashine kisogo, hedifoni masikioni, akawa anarusha sarafu kuamua atumie njia ipi. Katika mara 20, nilipatia 11. Hata kiziwi angekaribia hapo kwa kubahatisha!

Wala si mimi pekee. Mwaka wa 2007, Brad Meyer na David Moran walichapisha nchini Marekani matokeo ya jaribio linalokaribiana na hili. Wasikilizaji walichezewa rekodi za ubora wa juu, mara zikiwa kama zilivyo, mara zikiwa zimeshushwa hadi kiwango cha diski ya kawaida ya CD, yaani vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Kati ya majibu 554, yaliyokuwa sahihi ni 276, takriban nusu kamili. Sababu yaeleweka. Kiwango hicho cha CD, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1982, chatosha kubeba mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde, na huo ndio upeo wa sikio la kijana mwenye afya. Sisi tuliofika makamo hatuufikii.

Hata hivyo, haki haina budi kutendwa. Zipo tarakilishi ambazo sauti yake huja na mvumo au mkwaruzo, kwa kuwa kigeuzi cha ndani kimebanana na mitambo mingine. Hapo kifaa cha nje chaweza kusaidia, wala si lazima kiwe cha ghali. Kiunganishi kidogo cha USB-C ambacho Apple ilianza kukiuza mwaka wa 2018 kwa dola 9 kina kigeuzi timamu ndani yake. Lakini kabla ya kununua chochote, chomoa chaja usikilize. Mvumo ukitoweka, kasoro imo katika njia ya umeme, na huenda kigeuzi kinachotegemea waya wa USB kisiiondoe.

Fauka ya hayo, hakuna kigeuzi kiwezacho kurejesha kilichokwisha kupotea. Wimbo uliobanwa mno ili uchukue nafasi ndogo umekwisha kupunguzwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Katika rekodi tunayoitumia darasani, bibi mmoja anatamba ngano chini ya mwembe, huku upepo ukivuma juu ya maneno yake. Kigeuzi cha shilingi 20,000 kingetuletea upepo ule kwa uaminifu mkubwa, na mwanafunzi wa dawati la nyuma asingepata hata neno moja zaidi.

Ndiyo maana nilirudi mkutanoni kuyafuta maneno yangu. Halikuwa jambo jepesi, kwa maana mwalimu hapendi kuonekana amekosea mbele ya wenzake. Nilipendekeza tununue spika moja iwezayo kuwafikia wanafunzi 50, pamoja na maikrofoni yenye kifuniko cha kuzuia upepo, ili turudi kwa bibi yule tumrekodi upya angali na nguvu za kutamba. Wenzangu walikubali.

Nawasihi walimu na wanafunzi wanaojibana ili wanunue vifaa vya aina hii wasikubali kuongozwa na sifa za muuzaji. Kiazimeni kifaa kwanza, sawazisheni sauti, kipeni kisogo, na mwenzenu arushe sarafu. Iwapo hamwezi kuitambua tofauti, basi fedha hizo zina kazi nyingine shuleni.