Gesi Isiyonuka: Usilale na Jiko la Makaa

Baridi ya Julai inapobisha hodi, wapangaji wengi wa Kayole, Dandora na Umoja huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa yameshika vyema, hayatoi moshi, basi kuna hatari gani? Msomaji, hatari ipo, na pua yako haiwezi kukuonya.

Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, usingizi hukulemea, na huenda usiamke tena.

Je, wanasayansi huitambuaje? Hupitisha hewani mwanga wa leza usioonekana kwa macho, wakibadilisha rangi yake kidogo kidogo. Kila gesi humeza rangi zake maalumu. Pale mwanga unapopungua, kompyuta huchora umbo kama bonde. Gesi ikizidi, bonde nalo huzidi ukubwa.

Lakini umbo hilo linahitaji hesabu. Molekuli zikigongana kama abiria wa Muthurwa jioni, bonde hupanuka. Mbio zao pia hulipanua, kwa kuwa rangi husogea jinsi honi ya matatu inavyobadilika sauti ikikupita katika barabara ya Jogoo. Mjerumani Woldemar Voigt aliunganisha mambo haya mawili katika hesabu moja mwaka wa 1912, nayo ingali inatumika.

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na Mombasa. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mkandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja kwa tano. Kwa hivyo bonde la hapa ni jembamba zaidi. Mtambo unaotumia hesabu ya pwani bila kurekebishwa unaweza kukupa kipimo cha uongo. Mvuke wa sufuria nao huchora mabonde yake, ukayafunika ya gesi.

Mitambo hiyo ni ya maabara na viwanda. Kengele za nyumbani kwa kawaida hutumia kemikali, na nyumba nyingi hazina hata hizo. Basi usingoje mtambo. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata likionekana limezima. Mtu akilalamika kichwa mkiota moto, mtoeni nje mara moja, mkamkimbize hospitalini. Dawa ya baridi ni blanketi.