Mpanda na watu waliokuja

Anayepanda treni Kaliua kwenda Mpanda hukata kilomita 210 hivi, nyingi zikiwa za miombo na mbung'o. Reli hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, yaani yale yanayotumika kwenye betri, yaliyokuwa yakichimbwa na kampuni ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini mji ukabaki, nao watu wakaendelea kuja.

Kundi kubwa kuliko yote lilitoka Burundi likikimbia mauaji ya 1972. Serikali ilifungua makazi ya Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Mishamo kila familia ilipewa shamba la hekta 5 hivi msituni. Walifyeka, wakalima mahindi, mihogo na maharage. Kisha chakula chao kikauzwa kwenye masoko ya watu waliowaita wakimbizi.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji waitazame Marekani ya karne ya 19. Njaa ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliwasukuma Waayalandi wengi kuvuka bahari. Wakachimba mifereji, wakajenga reli, wakaingia viwanda vya nguo vya Massachusetts. Walichukiwa kwa ujira mdogo waliokubali na kwa Ukatoliki wao, na katika miaka ya 1850 kikazuka chama kizima cha kuwapinga. Lakini sheria ya 1802 ilimwezesha mgeni kuomba uraia baada ya miaka 5, na ile ya mashamba ya 1862 ilimpa ekari 160 hata aliyekuwa ametangaza tu nia ya kuwa raia. Mlango huo wa uraia, hata hivyo, ulifunguliwa kwa wazungu peke yao, na ardhi iliyogawiwa ilinyang'anywa wenyeji wa asili. Hayo si ya kuiga.

La kujifunza ni muda. Katumba ilisubiri uraia miaka zaidi ya 40. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo mwaka 1985 na 1986, aliwakuta watu walioushikilia ukimbizi wao kwa fahari, wakiitazama Burundi kama kwao pekee. Simshangai mtu wa namna hiyo: asiyekaribishwa mezani hukumbuka chungu cha mama yake. Mwaka 2007 walipoulizwa kama wangerudi Burundi au wangechukua uraia wa Tanzania, watoto wao walikuwa wamezaliwa hapa, na wengi mno wakachagua Tanzania. Zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo pamoja na makazi mengine ya Ulyankulu waliomba uraia.

Wakaambiwa wangehamishwa na kutawanywa mikoa mingine. Kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa la mpango wa uraia: kumkaribisha mtu ndani huku ukimng'oa kwenye shamba alilolifyeka kwa mikono yake. Familia nyingi ziliishi miaka kadhaa bila kujua kama zipande tena. Mpango wa kuwahamisha ukasimamishwa, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014, raia wapya wakiruhusiwa kubaki.

Walimu wa historia wa Katavi, mnaowafundisha vijana habari za reli na wahamiaji wa Marekani, wapelekeni Katumba pia. Wapo wazee huko walioingia wakiwa vijana, na kila mwaka wanapungua. Kawasikilizeni.