Meli Mbili Zilizozama, na Kilichobaki



Wengi wetu hupita Black Rock, kando ya mto Niagara, pasi na kujua kwamba meli ya kwanza ya moshi ya Ziwa Erie iliundwa hapo. Iliitwa Walk-in-the-Water, maana yake Mtembea Majini, na ilishushwa majini mwezi Mei 1818. Mtambo wake uliletwa kutoka New York. Hata hivyo mkondo wa Niagara uliushinda nguvu, ikabidi maksai waikokote meli kwa kamba hadi ziwani.

Tarehe 1 Novemba 1821 dhoruba iliitupa ufukweni karibu na Buffalo. Abiria waliokoka, lakini meli haikufaa tena. Mtambo ulikuwa mzima, ukang'olewa na kutiwa katika meli mpya, Superior, mwaka 1822. Meli hiyo iliundwa Buffalo, si Black Rock. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, Buffalo ndiyo iliyokuwa kituo chake cha mwisho, na Black Rock, iliyokuwa mshindani wake, hatimaye ikawa mtaa wake.

Kisa hiki chatukumbusha chombo ambacho baadhi yetu twakijua kwa kukipanda: Liemba, ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma vitani, waliizamisha kwa mikono yao karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito, wakitaraji kurudi kuiopoa.

Hawakurudi. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikafungwa injini za dizeli.

Basi tazameni tofauti: ya Black Rock, mwili ulikufa na mtambo ukaishi, ya Kigoma, mtambo uliondolewa na mwili ukaishi. Na mwili huo umebeba watu wetu. Mwaka 1997 uliwarudisha wakimbizi Kongo. Mwezi Mei 2015 uliwachukua Warundi waliokwama katika ufuko wa Kagunga, wakipelekwa kwa mitumbwi hadi ilipotia nanga, kwa kuwa meli kubwa haiwezi kufika pwani pale.

Mwaka 2023 Tanzania ilitia saini mkataba wa kuikarabati upya. Wako wasemao kwamba chombo cha zaidi ya miaka mia moja kingefaa kuachwa kikapumzika, na fedha zikaunda kipya. Hoja yao ina uzito. Lakini wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Vijiji vingi vya pwani ya ziwa lile havina gati wala barabara nzuri, na meli hii imekwisha kuzijua njia zake.

Kwa hiyo twawaomba wazee na akina mama waliowahi kuipanda watuletee kumbukumbu zao: walipandia wapi, walibeba nini, nani aliwapokea. Mabati yatakarabatiwa na mafundi. Hayo mengine hayana fundi ila nyinyi.