Redio Iliyochimbisha Vyoo

Haya, sogeeni. Leo sungura na fisi wamepumzika. Nawasimulia habari ya serikali, na msininunie mapema, maana ndani yake kuna redio, kuna wazee wanaofanya mtihani, na kuna vyoo. Vyoo vingi sana.

Darasani mmekwisha andika maana ya sera na maana ya taasisi, mkapata vema, mkafunga daftari. Lakini mtoto anayezaliwa usiku huu kijijini hajui daftari lenu. Yeye anakuta tu kwamba maji ya kunywa ni safi au ni machafu, kwamba mama yake anaweza kusoma maelezo kwenye chupa ya dawa au hawezi, kwamba shule ipo karibu au haipo kabisa. Mengi katika hayo yaliamuliwa na watu waliokaa mezani mahali fulani, kabla mtoto huyo hajalia kilio chake cha kwanza. Hadithi yangu ni ya watu hao, na ya wale waliofikiwa na maamuzi yao.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Sensa ya mwaka 1967 ilipofanyika, nchi ikiwa imeshakuwa Tanzania, takriban watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Mngekuwa nyinyi serikalini mngefanya nini? Najua. Mngejenga shule za watoto. Ndivyo wengi wangefanya. Mwalimu Nyerere alikuwa na jibu jingine, na alilitoa mapema, mwaka 1964, alipowasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano: tuanze na watu wazima, kwa sababu mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atachukua miaka mingi kabla hajaubadilisha uchumi wa nchi, ilhali baba na mama yake wanalima leo, wanapika leo, wanaamua leo. Mimi nasema huo ulikuwa ujasiri. Mtoto mwenye sare mpya anapendeza kwenye picha kuliko mzee anayehangaika na herufi "m".

Basi mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wanasiasa hutangaza miaka ya kila namna, na mingi hupita bila mtu kujua. Huu haukupita hivyo, kwa sababu baada ya tangazo watu walipangiwa kazi. Wilayani wakawekwa maafisa wa elimu ya watu wazima. Shule ya msingi ikageuzwa kituo cha watu wote: watoto asubuhi, wazazi wao jioni, kwenye madawati yale yale. Wilaya sita zikapewa jukumu la kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kufikia mwisho wa mwaka 1971, Mafia na Ukerewe zikiwamo. Walimu hawakutosha, kwa hiyo akatafutwa yeyote aliyejua kusoma: karani, mkulima aliyesoma, kijana aliyemaliza darasa la saba. Hebu mwoneni kijana huyo. Anaingia darasani, anawaamkia wanafunzi wake wote "shikamoo", kisha anamwambia mzee wa rika la babu yake kwamba "b" yake imegeukia upande usio wake.

Kuna jambo moja lililofanywa vizuri ambalo hata leo halifanywi kila mahali. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria, vitabu vya kusomea havikuanza na habari za mfalme wala treni. Vilizungumzia pamba, ndizi, uvuvi. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba, akapata na ujuzi wa kuipanda. Mwaka 1974 likaanzishwa pia gazeti la vijijini, *Elimu Haina Mwisho*, likichapishwa Mwanza, kwa ajili ya watu waliojua kusoma juzi juzi. Mtu akishajua kusoma na hana cha kusoma, herufi humtoroka. Wapangaji wa wakati ule walilijua hilo. Walioshika nafasi zao baadaye, sina hakika kama walilikumbuka.

Sasa ndiyo tufike kwenye redio.

Mwaka 1973 ilianza kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kabla yake zilikuwa zimejaribiwa kampeni ndogo za redio, ya uchaguzi mwaka 1970 na ya miaka kumi ya uhuru mwaka 1971, kwa hiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoiandaa, haikuanza gizani. Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Watu kijijini wanaunda kikundi. Kikundi kina redio moja, kitabu, na kiongozi aliyefunzwa. Kila wiki, kwa wiki 12, wanakusanyika na kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kikiisha, redio inazimwa. Kiongozi anasoma sehemu ya kitabu kwa sauti, kwa sababu si wote wanajua kusoma, kisha anauliza: hapa kwetu ugonjwa huu upo? Unatoka wapi? Tutafanya nini kabla ya wiki ijayo?

Swali hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Redio peke yake ingesema na kupita, kama matangazo mengine. Lakini mtu akishasema mbele ya majirani zake kwamba Jumamosi atachimba choo, Jumapili majirani watapita kutazama.

Magonjwa yenyewe mnayajua: malaria, kichocho, minyoo, kuhara, kifua kikuu. Na dawa nyingi walizopewa wanavikundi hazikuwa za duka: fyekeni nyasi, fukieni madimbwi, chemsheni maji, chimbeni choo. Viongozi wa vikundi waliofunzwa walikuwa makumi ya maelfu. Mafunzo yalishuka kwa ngazi: timu ya taifa ikafundisha timu za wilaya, za wilaya zikafundisha za chini yake, mpaka yakamfikia mtu atakayeshika kitabu chini ya mwembe. Waliohudhuria vikundi wanakadiriwa kufika milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu wengi zaidi ya milioni 15. Vyoo vilivyochimbwa vikahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Hapa ningeweza kuishia, nanyi mngepiga makofi. Subirini kidogo.

Mwaka huo huo wa 1973, mwezi wa Novemba, ilitangazwa kwamba kufikia mwaka 1976 watu wote wa vijijini lazima wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na maji. Utekelezaji wake katika sehemu nyingi ulikuwa wa nguvu: malori yakaja, watu wakapakiwa na vyombo vyao, nyumba za baadhi yao zikabomolewa ili wasirudi. Sasa mchukueni mtu aliyesikiliza redio kwa wiki 12, akasadiki, akachimba choo chake kirefu mwaka 1973. Mwaka 1974 anahamishwa. Choo hakipakiwi kwenye lori. Serikali iliyomwomba achimbe ndiyo iliyomwondoa, kwa sababu ofisi moja inaweza kufuta kazi ya ofisi nyingine bila wakubwa wake kugombana hata mara moja. Wanaogombana na hali ni watu wa kijijini.

Na bado masomo yakaendelea. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, nchi ikiwa imetoka kwenye ukame na njaa. Agosti mwaka huo huo wazee na akina mama wakaketi kufanya mtihani wa taifa wa kusoma na kuandika, wakapangwa kwa hatua nne. Aliyefika hatua ya juu aliweza kusoma gazeti na kujiwekea kumbukumbu za hesabu zake. Wasiojua kusoma walionekana kushuka hadi asilimia 39. Serikali ilipotangaza matokeo ya mwaka 1986, walikuwa wamebaki asilimia 9.6. Dunia nzima ikaja kutazama.

Sasa njooni mwaka 2002. Sensa inafanyika, na takriban watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma na kuandika.

Mtaniambia kwamba mtihani na sensa si kipimo kimoja, na mtakuwa sahihi. Sensa humuuliza mtu tu, haimpi karatasi. Pengine hata ile 9.6 ilipendezeshwa kidogo, maana afisa hapendi kupeleka habari mbaya juu. Lakini hata ukitoa yote hayo, kuna kitu kilipotea katikati. Nini? Hapakuwa na siku ambapo waziri alisimama akasema elimu ya watu wazima imefutwa. Ilitokea hivi: bei ya mafuta ilipanda, vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ikala fedha, mikopo ikaja na masharti yake. Posho ndogo ya mwalimu wa jioni ikachelewa, kisha ikakoma. Betri za redio zikaadimika. Kwenye bajeti, mstari wa elimu ya watu wazima haukukatwa, ulinyongonyea tu.

Shule za watoto nazo ziliguswa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliwaingiza watoto wengi mno darasani, wakifundishwa na vijana waliofunzwa ualimu kwa haraka, wale mnaosikia wazazi wenu wakiwatania kama "walimu wa UPE", yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1984 ada, iliyokuwa imefutwa awali, ikarudishwa, na uandikishaji uliokuwa umekaribia watoto wote ukaanza kuporomoka. Mwaka 2001 ada ya shule ya msingi ikafutwa tena. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Hawakuwa watoto wapya waliozaliwa kwa ghafla. Walikuwapo siku zote, wakichunga, wakiuza maandazi, wakimbeba mdogo wao mgongoni, na nyumbani kwao ile ada haikupatikana.

Na wale waliopitwa kati ya 1984 na 2001 wako wapi? Mnaishi nao. Wengine ni baba na mama zenu. Wengine ndio wanaokupa simu wakisema, "Hebu nisomee huu ujumbe, mwanangu, macho yangu leo hayaoni vizuri." Nawe unamsomea, wala humuulizi ya macho.

Kila halmashauri bado ina afisa wa elimu ya watu wazima. Cheo kipo, ofisi ipo. Siku mkipelekwa ziara ya shule huko, wengine wenu watataka kumwona mkurugenzi. Ombeni kumwona huyo. Mwamkieni vizuri, kisha mumuulize mwaka huu amepewa shilingi ngapi, na madarasa ya jioni yako wapi.