Lori Halina Haraka

Leseni pekee haimfanyi mtu dereva wa lori. Mjomba, anayenilipia karo, alianza kama taniboi: kukagua magurudumu, kufunga turubai, kulinda mzigo usiku. Kisha akapewa pikapu ya mjini, halafu lori dogo. Tajiri wake akataka kumkabidhi trela ya Malaba mapema. Akakataa, akafutwa, nami nikakaa nyumbani muhula mzima.

Kwa nini alikataa? Njiani kuna mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa! Wengine huweka nyutro kuokoa dizeli. Mzigo husukuma, breki hushika moto, gari halisikii tena. Mjuzi huingiza gia nzito akiwa bado juu. Alitaka kujifunza hilo kwanza. Leo anaendesha trela, na yu hai. Mwenda pole hajikwai.