Hataza, Mzinga wa Nyuki na Barua ya Vitisho

Katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kibondo na Kasulu, ufugaji wa nyuki katika misitu ya miombo ni kazi ya jadi. Mbali na mizinga ya magogo na ya magome, iko pia mizinga ya masanduku yenye fremu za kuchomoa. Tuchukue mfano wa seremala wa Kasulu awauziaye wafugaji wa Kibondo mizinga hiyo. Siku moja apokea barua isemayo kwamba mzinga huo ni uvumbuzi wa mtu mwingine, na kwamba asipolipa atashtakiwa. Je, yampasa kulipa?

Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Haki hiyo ina mipaka mitatu. Kwanza ni nchi: hataza iliyotolewa Marekani pekee haina nguvu Kibondo. Pili ni muda, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Tatu ni maelezo: hulindwa yale tu yaliyotajwa katika madai ya hataza. Mzinga wa fremu wenyewe ulipewa hataza Marekani mwaka 1852, kwa jina la mchungaji Lorenzo Langstroth. Muda wake ulikwisha zamani; leo yeyote aweza kuuchonga.

Asiyeijua mipaka hiyo aghalabu huona nafuu kulipa kuliko kwenda mahakamani. Huko Marekani kampuni ya MPHJ iliwapelekea wafanyabiashara wadogo zaidi ya 16,000 barua za kuwataka walipe yapata dola 1,000 kwa kila mfanyakazi, kwa madai kwamba walitumia skana kutuma nyaraka kwa barua pepe. Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilieleza kuwa vitisho vya kushtaki havikuwa na maandalizi yoyote.

Mwezi Mei 2013, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Vermont aliishtaki kampuni hiyo, na mwezi huohuo jimbo likapitisha sheria ya kwanza ya aina yake. Kwa kuwa hataza ni mamlaka ya serikali kuu, Vermont haikuzigusa hataza zenyewe. Ilidhibiti mwenendo wa mdai. Barua isiyotaja namba ya hataza, jina la mwenyewe, wala jinsi bidhaa inavyoingilia haki yake, huhesabiwa kuwa dalili ya nia mbaya. Mdai aweza kuamriwa kuweka dhamana ya hadi dola 250,000, na aliyetishwa aweza kudai fidia. Majimbo zaidi ya 30 yalifuata mfano huo.

Tanzania Bara inayo Sheria ya Hataza ya 1987, na usajili hufanywa na BRELA. Shirika la ARIPO, lenye makao yake Harare, nalo laweza kutoa hataza yenye nguvu nchini iwapo Tanzania imetajwa katika ombi. Aidha, Sheria ya Ushindani ya 2003 yakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara.

Hivyo basi, seremala wetu asilipe kwa hofu, wala asiitupe barua. Na aulize: Namba ya hataza ni ipi? Yahusu Tanzania? Ingali hai? Ni sehemu gani ya mzinga inayodaiwa? Mwenye haki ya kweli hashindwi kujibu, na haki yake yapaswa kuheshimiwa. Asiyeweza kujibu hana hataza ya kudai. Ana barua tu.